Homoni iliua amiba kwenye chupa, Mhariri, si tumboni mwa jirani yangu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na naomba radhi mapema kwa urefu. Mimi ni mama wa miaka 64, mkazi wa Mikindani, na kwa miaka 33 kazi yangu ilikuwa kupokea vikopo vya choo vya watu wengine. Sasa nimestaafu. Wajukuu wakiulizwa bibi yao alikuwa anafanya kazi gani hujibu "maabara", kisha wanabadilisha mazungumzo.

Wiki mbili zilizopita mlitoa habari ya aya nne, chini kabisa ya ukurasa wa afya, yenye kichwa kinachosema homoni ya mwili wa binadamu inaangamiza amiba. Siku ya tatu yake jirani yangu, mama anayekaanga samaki pale njia panda, alinijia saa moja jioni, karai kamwachia mtoto. Mkono mmoja kashika kipande cha gazeti lako kimelowa mafuta, mkono wa pili kopo jeupe la vidonge.

"Shikamoo Mama Daktari."

Mimi si daktari. Nilishachoka kumsahihisha.

"Marahaba. Kuna nini?"

"Nisomee hapa. Ndiyo yenyewe hii?"

Kwenye kopo palikuwa na herufi nne, DHEA. Kwenye gazeti palikuwa na herufi zilezile. Kijana mmoja anayezunguka na begi la virutubisho alimwonyesha gazeti, akamwonyesha kopo, akamwambia amiba wake wa miaka yote sasa wamepatiwa dawa na wazungu wamethibitisha. Shilingi 65,000. Anauza kibua kwa shilingi 1,000, kwa hiyo hesabu ya samaki mtu aifanye mwenyewe, na hapo hujatoa mafuta na kuni.

Habari yenu haikuwa ya uongo, Mhariri. Ingekuwa ya uongo ningelifungia ming'oko hilo gazeti na nikaendelea na shughuli zangu. Ilikuwa nusu ya habari, na nusu iliyoachwa ndiyo inayotuhusu zaidi sisi wa huku Kusini. Ndiyo maana naandika.

Nianze na hiyo nusu mliyoitoa. Wazungu wenyewe ni watu wa Mexico. Mwaka 2006 walichapisha majaribio waliyomfanyia amiba anayeharisha damu, Entamoeba histolytica kwa jina la kitaalamu, wakimwekea homoni za mwili wa mtu na kutazama anafanya nini. Kwa Mexico si jambo la ajabu. Nchi yao inamjua mdudu huyu vizuri, na hata ukoo wa amiba unaofugwa kwenye maabara nyingi duniani hadi leo ulitoka kwa mgonjwa wa huko mwaka 1967.

Ndiyo, amiba wanafugwa. Mimi nilipoambiwa chuoni nilicheka. Wanakaa kwenye tyubu ya kioo iliyojazwa mchuzi karibu hadi mdomoni, maana hawapendi hewa nyingi, kwenye joto la mwili. Mchuzi unaotumika sana aliuandaa Mmarekani Louis Diamond na wenzake, wakautangaza mwaka 1978: ndani yake mna maji ya hamira, sukari na seramu ya ng'ombe. Wanakula vizuri kuliko wanafunzi wa bweni.

Homoni kama DHEA ni za jamii ya mafuta, hazikubali maji. Inabidi uziyeyushe kwanza kwenye spiriti ndipo uzitie kwenye mchuzi. Sasa spiriti nayo inaua. Kwa hiyo lazima kuwe na tyubu nyingine yenye amiba wale wale, mchuzi ule ule, spiriti ile ile kwa kipimo kile kile, ila homoni haimo. Sisi tuliiita kontroo. Mtu akiniambia dawa fulani imeua wadudu, swali langu la kwanza ni moja tu, kwenye kontroo kulikuwaje? Kijana wa begi hakuwa na jibu la hilo, na sidhani kama lilikuwa swali alilolitegemea kwa muuza samaki.

Baada ya siku moja, mbili, tatu unaanza kuhesabu. Amiba hung'ang'ania ukuta wa tyubu, kwa hiyo unaitumbukiza kwenye barafu dakika chache wanaachia. Unachukua tone, unaliweka kwenye kioo chenye mistari myembamba kama daftari la hesabu, unatia rangi ya buluu. Aliye hai anaikataa rangi, anabaki mweupe. Aliyekufa inamwingia yote. Unahesabu weupe, unahesabu wa buluu, macho yanauma, unarudia tyubu nyingine. Nimeieleza kwa kirefu kwa sababu nataka msomaji aone kile kilichoangamizwa ni nini: wadudu kwenye mchuzi wa ng'ombe, ndani ya kioo. Kazi nzuri kabisa ya kitaalamu, lakini hakuna mtu aliyemeza chochote.

DHEA ilipunguza ukuaji wa wale amiba na kuwafisha. Hapo ndipo mwandishi wenu alipokomea.

Kopo la jirani lilinifanya niwaze ini, maana chupa haina ini. DHEA yenyewe si kitu kigeni, tezi zilizo juu ya figo zinaitengeneza kila siku. Kijana wa miaka ishirini na kitu anayo tele, mimi na umri wangu nimebakiwa na kidogo. Ukiimeza kwa kidonge inanyonywa, inapita kwenye ini, na mwili unaigeuza kuwa homoni nyingine, zikiwemo testosteroni ya kiume na zile za kike. Kumbe hapo pana jambo. Madaktari wanajua tangu zamani kwamba jipu la ini linaloletwa na amiba linawakamata wanaume watu wazima mara nyingi zaidi kuliko wanawake, hadi kama mara kumi, ingawa wote wanakunywa maji ya kisima kimoja. Mwaka 2013 watafiti wa Taasisi ya Bernhard Nocht, Hamburg, Ujerumani, walitoa matokeo ya panya: panya jike waliopewa testosteroni walidhurika zaidi na jipu hilo. Ile homoni ilizuia askari fulani wa damu kutoa silaha yao.

Kwa hiyo kidonge kinachoua amiba kwenye tyubu, tumboni mwa mtu sehemu yake inaweza kugeuka kitu ambacho kwa panya kilimsaidia amiba. Nilimwambia jirani hivyo hivyo. Alilitazama kopo, akalitikisa, vidonge vikalia. "Sasa mbona hawakuandika?" Nikamwambia ndilo nitakalomwuliza Mhariri.

Dawa ya amiba ipo, tena ya bei ya chini. Metronidazo, metro tunayoijua sote, iliwekwa kwenye majaribio ya wagonjwa wa amiba huko Durban, Afrika Kusini, na matokeo yakachapishwa mwaka 1966. Watu, Mhariri, wenye majina na vitanda. Mpaka leo haijaondolewa kwenye kiti. Inawaua walio kwenye nyama ya utumbo na ini; wale wanaojificha kwenye uwazi wa utumbo wakiwa sisti, yaani amiba aliyejikunja ndani ya ganda gumu, inawakosa, na hao wanatakiwa dawa ya pili, diloksanaidi au paromomaisini, ambayo wagonjwa wengi hawaisikii hata ikitajwa. Na msimu wa mabibo niwakumbushe wenzangu, metro na uraka, pombe yetu ya mabibo, havikai tumbo moja. Utatapika mpaka ujute.

Lakini kabla ya dawa ya kwanza na ya pili kuna swali ambalo jirani yangu hakuwahi kuulizwa. Nani alimwona huyo amiba wake?

Alinitolea madaftari yake ya matibabu, matatu, yamefungwa kwa mpira. Miaka sita. "Amiba", "amiba na taifodi", "amiba, yutiai". Nikatafuta jibu la kipimo cha choo, nikapata mara moja tu. Zahanati yenyewe siitaji, wahudumu wake wanajitahidi na wagonjwa ni wengi. Ile mara moja alipeleka choo saa mbili asubuhi, kikakaa dirishani juani hadi saa sita, mpimaji alipomaliza foleni ya malaria.

Sikiliza, choo cha kutafuta amiba anayetembea kinatakiwa kitazamwe ndani ya dakika 15, ikizidi sana 30. Huyo anayetembea, anayekula na kuuma, hawezi maisha ya nje. Anapoa, anasimama, anapasuka. Sisti ndiyo inayodumu, siku na wiki mahali penye unyevu, na klorini ya kawaida ya bomba haiiui. Moto ndio unaoiua, maji yachemke.

Nitakupa mfano mmoja. Mwaka wa mvua za El Nino, kabla hatujapata daraja la Mkapa kule Rufiji, barabara ya kwenda Dar ilikatika na Kusini tukabaki kama kisiwa. Kijana mvuvi wa Msimbati aliletwa na kaka yake usiku, anajikunja, amekwenda chooni mara zisizohesabika. Nikamwambia kaka mtu asiende nyumbani, akae hapo hapo na kikopo, kikijaa anibishie mlango. Kichupa cha maji ya chumvi nilikibana kwapani ili kipate joto. Mwalimu wangu ndiye aliyenifundisha hivyo na sikuwahi kuona kwenye kitabu. Kilipokuja sikuchota pale palipo pagumu. Nilitafuta kamasi yenye mstari wa damu, kiasi cha kichwa cha pini, tone la maji ya kwapani, kioo juu, lenzi ya 10, halafu ya 40.

Mwanzoni unaona takataka tu. Halafu kimoja katika takataka kinatoa kidole. Kidole kinaangaza kama kioo kilicholowa, hakina kitu ndani, kinanyooka kwenda upande mmoja, na mwili wote unamiminika kukifuata, kama pweza anavyotoka kwenye tundu la jabali maji yakikupwa. Ndani yake mlikuwa na chembe nyekundu za damu. Nilihesabu tano kwa mmoja, mwenzake alikuwa na nane. Damu ya yule kijana, imo tumboni mwa mdudu, na mdudu anatembea. Nilimwita daktari wa zamu aje aone kabla hajapoa. Yule ndiye amiba, na kwa yule sikuwa na shaka hata kidogo.

Wengine wote niliowaandika, sisti za mviringo zenye viini vinne ndani, hao nina shaka nao hadi leo. Maana mdudu huyu ana pacha. Anaitwa Entamoeba dispar, hana madhara, na kwa hadubini sisti zao huwezi kuzitofautisha hata uwe na macho ya mwewe. Mfaransa Emile Brumpt alisema mwaka 1925 kwamba hawa ni wawili. Wenzake hawakumkubali. Ikachukua hadi 1993 ndipo Diamond, yule yule wa mchuzi, na mwenzake Clark wakaweka wazi kwamba Brumpt alikuwa sahihi. Mwaka 1997 wataalamu walioitwa na Shirika la Afya Duniani, wakikutana Mexico, wakashauri mtu asiye na dalili asipewe dawa kwa sababu tu sisti imeonekana na haijulikani ni ya pacha yupi. Na mimi, Mhariri, baada ya mwaka huo niliendelea kuandika "amiba wameonekana" kwa miaka mingi, kwa kuwa fomu ilikuwa na mstari wa hivyo na sikuwa na kipimo cha kuwatenganisha. Mkono wangu umo katika mabunda ya metro yaliyomezwa bure. Nalisema hili mwenyewe kabla mtu hajanisemea.

Sasa nusu iliyoachwa.

Taarifa ile ya Mexico ilikuwa na homoni mbili kwenye kichwa chake cha habari, si moja. DHEA inapunguza ukuaji na uhai wa amiba, na kotisoli inauongeza. Sentensi moja, homoni mbili. Nyinyi mmechukua ya kwanza. Kwenye tyubu zenye kotisoli amiba walistawi.

Kotisoli nayo inatoka kwenye tezi zile zile za juu ya figo. Mwili unaimwaga zaidi ukiwa na mashaka, njaa, ugonjwa. Na ina ndugu zake waliotengenezwa kiwandani, predinisoloni na deksamethasoni. Huyo wa mwisho wasomaji wenu wa Mtwara na Lindi wanamjua kwa jina la mkato. Deksa. Vidonge vya kunenepa.

Hapa sihitaji kueleza sana kwa wanawake wenzangu. Vinauzwa kwenye vifuko vya nailoni bila boksi wala karatasi, vinachanganywa na vile vya kuongeza hamu ya kula, vinapelekwa kwa mabinti wanaokaribia kuolewa, kwa waliojifungua, kwa anayetaka shavu lijae kabla ya sherehe. Shavu linajaa kweli. Linajaa maji na mafuta, uso unakuwa mviringo kama sahani, mikono na miguu inabaki ile ile myembamba. Deksa, miligramu kwa miligramu, ina nguvu kama mara 25 ya kotisoli. Kidonge kimoja cha nusu miligramu kinakaribia kile ambacho mwili mzima unatengeneza kwa siku nzima, na mabinti wanameza viwili, vitatu.

Watu wa Mexico walijaribu kotisoli, hawakujaribu deksa ya Mtwara, na sitaki kufanya kosa lile lile la kijana wa begi la kubeba jibu la tyubu nikalitia mdomoni mwa mtu. Ila kwa deksa na jamaa zake hatutegemei tyubu. Vitabu vya tiba vinawataja wagonjwa waliokuwa na amiba bila kujulikana, wakadhaniwa wana ugonjwa mwingine wa kuvimba utumbo unaofanana na ule wa amiba, wakapewa dawa za jamii hii, na utumbo ukaharibika kwa siku chache hadi kutoboka. Orodha ya wanaoumizwa zaidi na amiba ni ya siku nyingi: watoto wachanga, wajawazito, waliokosa lishe, na wanaotumia dawa hizi. Mwanamke aliyejifungua juzi, hali vizuri, anameza deksa anenepe. Hesabu mwenyewe yumo kwenye mistari mingapi.

Mtoto wa mdogo wangu, anaishi Masasi, alimeza miezi minne. Aliniambia "mama mkubwa, nimependeza" kwenye simu, akanitumia picha. Niliiona ile sura ya sahani nikanyamaza, na kunyamaza kule sijakusahau. Mwezi uliofuata alianza kuharisha, akaenda duka la dawa akapewa vidonge vya kufunga choo, kilipofunga akaona amepona, kikafunguka na damu. Duka silitaji; aliyeuza vya kufunga choo ndiye aliyekuwa akimuuzia na vya kunenepa. Alipofika hospitali tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Daktari aliyempokea alikuwa kijana, pengine hajamaliza miaka miwili kazini, lakini aliuliza swali ambalo wazee wengi hawaulizi: "Dada, kuna vidonge vyovyote vya kunenepa umekuwa ukimeza?" Mama yake akasema hapana. Yeye mwenyewe akatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Choo chake kilitazamwa cha moto. Walikuwa wamejaa, wenye damu tumboni.

Alipona bila kupasuliwa, na deksa walimpunguzia kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Hili mliandike kwa herufi nene kama mnaweza: aliyezoea kumeza dawa hizi asiziache ghafla, maana tezi zake zimelala na zinaweza zisiamke kwa wakati. Aende hospitali na kifuko chake, aseme ukweli, wamshushe ngazi kwa ngazi.

Siwezi kuapa kwamba deksa ndiyo iliyofanya. Binti yule aliwapata amiba kwenye maji au kwenye mboga au kwenye mkono wa mtu, kama sisi wote. Kule juu Newala na Tandahimba watu wananunua maji kwa dumu na kuyahesabia kila kikombe, nani ananawa mara mbili? Huenda angeugua hata bila deksa. Ila daktari yule aliniambia mwenyewe kwamba ugonjwa wa kiwango kile kwa binti wa miaka 23 mwenye afya ndio uliomfanya aulize.

Ombi langu kwako Mhariri ni dogo. Toeni tena habari ile, ukurasa ule ule wa afya, na safari hii iwe na homoni zote mbili. Ikiwezekana kotisoli itangulie, kwa kuwa DHEA huku inauzwa na vijana wa begi mmoja mmoja, na deksa inauzwa kila kona. Mwandishi wenu akiandika kwamba kitu kimeua wadudu, aseme kimewaua wapi, kwenye tyubu, kwenye panya au kwa mgonjwa. Maneno matatu hayatawamalizia karatasi. Na wenye mamlaka ya dawa, TMDA, nadhani wanalisoma gazeti lako. Vifuko vya nailoni visivyo na jina havihitaji mpelelezi, mtu aje tu sokoni siku ya Jumamosi na begi la kubebea.

Nirudi kwa jirani yangu. Nilimwambia aende kituo cha afya siku tatu tofauti, kila siku choo cha asubuhi ile ile, kwa sababu sisti hazitoki kila siku, na asimpe mpimaji kikopo kisha akaondoka, amkalie pale pale. Alimkalia kweli. Siku zote tatu hakuonekana amiba wala sisti. Alionekana mnyoo wa safura, akapewa dawa yake, basi. Miaka sita ya amiba. Kijana wa begi simu yake haipokelewi, na kopo limebaki kwangu juu ya kabati, limepungukiwa vidonge viwili.

Siku ya jibu la tatu nilimsomea barua hii ilipofikia, nijue kama inaeleweka kwa mtu asiyekaa maabara. Alisikiliza hadi mwisho wa habari ya Masasi, akasimama bila kuaga, nikadhani nimemuudhi. Kesho yake usiku alirudi, hana gazeti wala kopo. Alikuja na binti yake, yule anayeolewa baada ya msimu wa korosho, uso umejaa kama mwezi. Binti aliniamkia shikamoo akiwa ameinama. Mama yake akamgusa bega. Akafungua pindo la khanga, akatoa kifuko cha nailoni, akakiweka mkekani mbele yangu. Ndani vilikuwa vimebaki tisa.

Mstaafu wa maabara,
Mikindani, Mtwara.